Sanduku la Miamba ya Bushveld: Vipande Vizuri, Kijitabu Kifupi Mno

Nililinunua sanduku hili katika duka dogo la vifaa vya maabara huko Wandegeya, Kampala, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa jiolojia. Lina sampuli sita kutoka Bushveld, Afrika Kusini, ambako magma (mwamba ulioyeyuka) iliganda kwa matabaka takriban miaka bilioni 2.06 iliyopita, pamoja na vipande vya mwamba vyenye unene wa mikromita 30 vya kutazamwa kwa hadubini.

Vipande hivyo ndivyo vinavyostahili bei yake. Katika sampuli za matabaka ya chini, olivini (madini yenye magnesi) na kromaiti (madini yenye kromu) zimebanana, kwa kuwa madini yaliyotangulia kuganda yalichukua magnesi na kromu nyingi, na kadiri magma ilivyozidi kupoa, kimiminika kilichobaki kikajaa chuma. Ndiyo sababu sampuli ya tabaka la juu kabisa, yenye magnetaiti (madini ya chuma), hunasa sumaku (tuliijaribu kwa sumaku ya spika mbovu).

Kijitabu kilichomo sandukuni, kwa upande wake, kinadai kwamba madini yalizama tu kwa uzito, kama mchanga mtungini. Hilo halitoshi. Magma hubeba kromu kidogo sana, hivyo tabaka nene la kromaiti huhitaji magma nyingi, na wanajiolojia wengi hulieleza kwa magma mpya kuingia na kuchanganyika na ya zamani. Uwiano wa isotopu za stronti (atomi za stronti zenye uzito tofauti), unaobadilika karibu na tabaka la Merensky lenye platini na kuashiria magma mpya, haukutajwa kabisa.

Lebo mbili zilikuwa zimebadilishana. Muuzaji alizirekebisha kesho yake bila ubishi.