Rumours ao Brothers in Arms? Mimi niko na yangu

Ba Lushi (watu wa Lubumbashi) wenye kupenda rock ya zamani, hii mambo ya albamu gani kati ya hizi mbili iko kali tumebishana sana pale Kamalondo, basi niseme yangu: kwa sauti chukua Rumours, kwa gita usinisumbue, ni Brothers in Arms.

Rumours ya bendi Fleetwood Mac ya 1977 ni albamu ya watu wenye kuachana. Lindsey Buckingham na Stevie Nicks wanaachana, John na Christine McVie vilevile, na bado wanaingia studio pamoja wanapigana vijembe. "Go Your Own Way" Buckingham aliandika juu ya Nicks, na huyohuyo Nicks anamuitikia kwa nyuma, we fikiria!

Brothers in Arms ya bendi Dire Straits (1985) iko tofauti kabisa, bosi ni moja tu, Mark Knopfler, mtu aliyekuwa mwandishi wa gazeti na mwalimu kabla ya umaarufu. Anapiga gita kwa vidole, na sisi wa Katanga hiyo inatuingia haraka juu tumekulia na Jean Bosco Mwenda, yule mpiga gita wa kidole gumba na cha shahada. Sikiliza wimbo wenye jina la albamu, noti inavutwa, kimya, halafu ingine, hana haraka na mtu. Tena chukua CD, kwenye santuri nyimbo kadhaa walizifupisha.

Baadaye? Knopfler alifunga Dire Straits 1995 akaendelea pekee yake, polepole. Kule kwa Fleetwood Mac ni vita tu, Buckingham akatoka 1987, akarudi 1997, 2018 wakamfukuza.