Mwezi mmoja na Hiace ya kuweka siti, Mbezi hadi Posta

Asubuhi Mbezi Mwisho, Dar es Salaam, ukitaka kukaa kwenye daladala lazima ugeuze. Unalifuata gari kituo cha nyuma, unalipanda likiwa bado linakuja, unalipa, kisha unageuka nalo kituoni na kulipa tena. Kwa hiyo dada mmoja wa ofisini aliponionesha programu ya kuweka siti kwenye Hiace, shilingi 3,500 hadi Posta, nilijiunga usiku uleule. Jina la kampuni silitaji, bado tunadaiana.

Wiki ya kwanza nilijiona tajiri. Saa 12 na dakika 10 gari linaondoka, levo siti kweli, hakuna anayesimama, kiyoyozi kinafanya kazi, hakuna mkoba wa mtu usoni. Nililala hadi Magomeni. Mama yangu, aliyepanda magari ya chai maharage miaka ya 80, yale mnakaa mnatazamana na abiria wa upande wa pili, alicheka aliposikia kushea gari sasa ni huduma ya kwenye simu.

Tatizo liko Kimara. Kuna kaka anapandia pale kila siku, na kila siku hajafika. Programu inasema abiria asubiriwe dakika mbili. Dereva, kijana mpole mno, anampa saba. Kaka anakuja anatafuna andazi, wala pole hana. Muda huo mabasi ya mwendokasi yanatupita katikati ya barabara, kwenye njia yao ya kilomita 20.9 iliyoanza kazi 2016, nasi na kiyoyozi chetu tuko kwenye foleni ileile ya daladala. Siti nzuri haikuwahishi, hilo ulijue kabla hujalipa.

Jioni nimeacha kabisa. Bosi wangu hana saa ya kuniachia, na ukichelewa gari, hela imekwenda. Narudi na daladala, nikisimama.

Deni lenyewe: siku ya mvua kubwa, maji yamejaa Jangwani, ujumbe wa kufuta safari uliingia dakika kumi kabla ya gari kufika. Hela yangu haikurudi kwenye simu, imekaa humo kwenye programu kama salio, siwezi kuitoa. Nimepiga huduma kwa wateja mara nne. Wa mwisho aliniambia "tunalifanyia kazi, mpendwa."

Hata hivyo asubuhi naendelea nao. Na kitu ambacho sikukitegemea: kwenye daladala hunijui sikujui, lakini humu ni watu kumi na wawili walewale, na ukikosa siku moja unaulizwa. Wiki ya tatu mama wa Kibamba, anayekaa mbele yangu, aligeuka akanipa bahasha. Kadi ya mchango, mwanawe anaoa Desemba. Singo, yaani ya mtu mmoja, elfu hamsini. Nimeahidi, ningefanyaje, na kesho saa 12 na dakika 10 tuko wote?