Maoni ya mzazi kuhusu shule moja ya bweni Nakuru

Kwa mzazi anayetafuta shule ya bweni ya wasichana, shule hii ya binafsi iliyoko Kaunti ya Nakuru inastahili kutembelewa, mradi aanzie bwenini wala si kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Mwongozo wa viwango vya usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka vitanda viachane kwa angalau mita 1.2, ujia uwe na mita 2, milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Hapa milango yote ilifunguka kwa kusukumwa tu, na madirisha hayakuwa na nondo. Vitanda vya ukutani, hata hivyo, vimebanana kiasi kwamba masanduku yamesogezwa hadi njiani, kasoro ambayo matroni aliikiri bila kuzunguka.

Kuhusu nidhamu, kijitabu cha wazazi kinataja kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kinachoharamisha adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kisaikolojia, ambapo mkosaji hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Si shule nyingi zinazomkabidhi mzazi silaha ya namna hiyo. Ujumuishi ndio dhaifu: madarasa yana njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, ilhali maktaba iko ghorofani na hufikiwa kwa ngazi pekee.

Karo, ambayo haijumuishi usafiri, ni ya juu kuliko ya shule jirani, lakini kwa bweni hilo ningeilipa.