Kitufe cha 'Endelea' kimeenda wapi?

Tuseme ukweli kwanza: inapendeza. Kampuni hii ya mabasi (jina naliacha, wanaopanda njia ya Nyanda za Juu wataijua) ilikuwa na tovuti mbaya kupindukia, na majuzi wakatangaza kwa mbwembwe kwamba wameifumua upya. Nikaifungua kwenye simu. Picha ya basi likipanda Kitonga, rangi zimetulia, maandishi ya kisasa. Nikasema moyoni, hatimaye hawa jamaa wamekua.

Nilikuwa namkatia mama tiketi ya kwenda Njombe. Nikachagua siti ya dirishani, mbele kidogo, maana kule nyuma huwa anatapika. Nikajaza jina, nikajaza namba ya simu. Halafu basi. Hakuna kitufe! Chini ya namba ya simu ni tangazo la kusafiri kwa raha, na ukurasa umekwisha. Nikapandisha, nikashusha, nikabana kwa vidole viwili ili upungue, wapi. Na muda wote huo saa nyekundu pale juu inahesabu dakika nilizopewa kushikilia siti. Zikaisha, siti ya mama ikaachiwa wengine.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu hakunisikiliza hata nikamaliza. "Kaka, wenzio wote wanalipa. Badilisha simu." Nikamwambia dada yangu, simu haina tatizo. "Basi itakuwa bando." Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukata tiketi humo kwa simu yake. Akakata, lakini laini.

Sasa mimi kutengeneza tovuti ndiko kunakonilisha, kwa hiyo nikawasha laptop nikaangalia msimbo wa ukurasa, yale maandishi yanayouunda. Jamani. Ukurasa mzima umefungiwa ndani ya jedwali. Ndani ya jedwali kuna jedwali, na ndani yake kuna jingine la upana wa pikseli 960, pana kuliko skrini ya simu, halitanuki wala halisinyai. Nafasi kati ya vitu zimejazwa vipicha vya gif visivyoonekana. Rangi za maandishi zimewekwa kwa tagi ya font, alama ya kizamani ndani ya msimbo! Miaka ya tisini watu walijenga hivyo na siwalaumu: CSS, lugha ya kupangilia mwonekano wa kurasa, ilitoka Desemba 1996, lakini vivinjari kama Netscape 4 vilikuwa vikiivuruga, kwa hiyo jedwali ndilo lilikuwa salama. Ila HTML 4, toleo la lugha ya kujengea kurasa, ilishasema tangu 1997 kwamba majedwali si ya kupangia ukurasa na font iachwe. Siku hizi ninaowaelewa ni wanaotengeneza barua pepe tu, maana Outlook ya Windows, programu ya kusomea barua pepe, mwaka 2007 ilianza kuzionyesha barua kwa injini ya Word ikawarudisha zama za mawe, zile za majedwali. Hao nawaonea huruma kabisa. Lakini ukurasa wa tiketi si barua pepe.

Mahali fulani humo pia kuna mstari unaouliza kama natumia kivinjari cha Internet Explorer. Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022.

Na kitufe kipo. Kimekaa mwisho kabisa wa kulia wa lile jedwali, nje ya skrini. Aliyepewa kazi ya kurembesha ameongeza vitu viwili vya kisasa juu ya vurugu ile: kimoja kinaiambia simu itumie upana wake yenyewe na kuzuia kuvuta kwa vidole, cha pili kinaficha chochote kinachozidi pembeni. Wangeacha vile vilivyokuwa, simu ingeufinya ukurasa wote uingie, herufi ndogo kama chawa, lakini ningeiona 'Endelea' na kulipa ningelipa. Yaani urembo ndio ulioharibu.

Hata hivyo nilikuwa natoa nyota tatu. Mabasi yao ni masafi, makonda wana adabu. Na huenda ni kijana mmoja aliyelipwa kiduchu, bosi akaonyeshwa picha kwenye projekta akapiga makofi, nani angemuuliza habari za majedwali? Tatu. Au mbili na nusu, kwa ajili ya yule dada.

Halafu akajaribu binamu yangu. Yeye haoni, simu yake humsomea yaliyomo kwenye skrini. Kila siti humo ni picha isiyo na maelezo, kwa hiyo simu ikawa inamsomea majina ya mafaili, siti wazi mbili gif, siti wazi mbili gif, basi zima, bila namba hata moja ya siti. Mwongozo wa WCAG wa mwaka 1999, wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, jambo lake la kwanza kabisa ni picha kuwa na maelezo ya maneno. Ni kuandika "siti 4, ipo wazi". Nani kashindwa hilo? Binamu akacheka tu, kazoea. Mimi sikuweza. Nyota moja, na hiyo ni ya makonda.

Tiketi ya mama nilienda kuikata kaunta, stendi ya Magufuli pale Mbezi, na alifika salama, kwa hiyo mabasi yenyewe pandeni. Ukilazimika kutumia tovuti yao, nenda kwenye vidoti vitatu vya Chrome uchague mwonekano wa kompyuta. Ukurasa utajifinya na 'Endelea' itatokea kulia. Huduma kwa wateja msijisumbue kupiga.