Mauser ya 1871 au ya 1898?

Bunduki kuukuu ya kijeshi isiyo na maandishi, ikipatikana Tabora, huwa naikisia kwanza kati ya hizi mbili, bunduki za Kijerumani za miundo ya 1871 na 1898. Askari wengi wa Wajerumani waliingia vita vya 1914 na ile ya zamani, na mji wenyewe ulitekwa na Wabelgiji Septemba 1916.

Kabla ya yote polisi wajulishwe, na mtu asiiguse, kwani huenda ina risasi.

Fundi akiruhusiwa, apime mdomo wa mtutu kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana). Ya 1871 ni takriban milimita 11, ya 1898 karibu 8 (kaliba yake, yaani kipenyo cha ndani ya mtutu, ni 7.92). Ila kipimo peke yake sikiamini: mdomo huliwa na kutu, na bunduki ya Albini ya Ubelgiji nayo ni ya 11. Tofauti ni kwamba Albini hufunguka kwa kifuniko cha bawaba kinachoinuliwa kwenda mbele, bila bolti (chuma cha kuvuta nyuma na kusukuma mbele) kama ya Mauser.

Tumbo ndilo shahidi bora. Ya 1898 hubeba risasi tano ndani ya mbao, mbele ya kifyatulio. Ya 1871 hupokea moja tu, tena ya baruti nyeusi, yenye moshi mzito mweupe uliomfichua mpigaji porini.