Nililipia kuona mitambo ya hewa ya handaki la Greenbrier, nikaambiwa "hewa ni hewa"

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanivumilia.

Kazi yangu ni hewa ya mgodini: feni, mabomba, milango ya kuelekeza upepo, vipima gesi. Mwajiri wangu aliponituma kwenye mkutano wa watu wa makaa ya mawe pale hoteli ya Greenbrier, West Virginia, sikuvutwa na hotuba wala na mashine za maonyesho. Kilichonivuta ni mstari mmoja kwenye ratiba: ziara ya handaki, pamoja na mitambo ya umeme na hewa. Ziara ilikuwa ya kujilipia, nikatoa hela yangu mwenyewe.

Kwa asiyelijua, handaki hilo lilijengwa chini ya hoteli kati ya 1958 na 1961, ili vita vya nyuklia vikizuka, wabunge na maseneta wa Marekani wapate pa kukimbilia. Siri ilikaa miaka 30 hivi, mpaka mwandishi wa habari Ted Gup alipoianika kwenye gazeti la Washington Post, Mei 1992. Mafundi waliokuwa wakitengeneza televisheni za wageni kumbe ndio waliolitunza handaki. Na ukumbi wa maonyesho ya mikutano ni sehemu ya handaki lenyewe! Watu walipanga meza zao za biashara mle mwaka baada ya mwaka, mlango wa chuma ukiwa umefichwa nyuma ya ukuta wa kukunja wenye karatasi za mapambo, na wala hawakujua wako wapi.

Mzee aliyetutembeza alijua kila kona. Simu zilikusanywa kabla ya kuingia, sikuona ubaya. Kwenye mlango wa tani 25 akamwita mama mmoja mwembamba ausukume, nao ukaenda kwa mikono yake peke yake. Tukapita bafu za kuoshea vumbi la mionzi, tukapita sehemu za kulala zilizotengenezewa watu 1,100. Wenzangu walishangaa vitanda. Mimi nilikuwa nasubiri hewa.

Maana zege nene kiasi hicho bila hewa ni kaburi. Nilitaka kuona hewa inaingilia wapi na inachujwaje. Mlango ukishafungwa, pumzi chafu ya watu 1,100 inatolewa kupitia wapi? Jenereta nazo zinavuta hewa ya nani? Nikauliza. Uso wa mzee ukachangamka, akaniambia, "Twende nikuonyeshe."

Hapo ndipo akajitokeza yule msimamizi. Hakuwa mtu wa hoteli. Ni wa kampuni iliyokodiwa na waandaaji kupanga shughuli. Akapiga makofi: muda umekwisha, chakula cha mdhamini kiko tayari. Nikamwambia kwa adabu, dada, mitambo ya hewa imeandikwa kwenye ratiba, na ndiyo niliyoilipia. Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Bwana, hewa ni hewa. Wenzako wana njaa."

Hewa ni hewa!

Mimi nimekulia Mererani, Tanzania, kwenye migodi ya tanzanite. Mwaka 2002 wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, zaidi ya 30 walikufa chini kwa kukosa hewa. Nilikuwa kijana, na nakumbuka kina mama waliokaa chini vumbini wakisubiri majina. Kazi hii niliichagua kwa sababu ya siku zile. Na hapohapo West Virginia, Januari 2006, katika mgodi wa Sago, wachimbaji 12 walikufa. Mlipuko ulimuua mmoja. Wale 11 walijifungia nyuma ya pazia la kuzuia hewa chafu wakisubiri kuokolewa, monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, ikawafuata humohumo. Kati ya 13 walionaswa, aliyetoka hai ni mmoja tu. Halafu mtu anakula mshahara kutoka kwenye mkutano wa makaa ya mawe, ndani ya jimbo hilo, anatamka maneno yale mbele ya watu wa migodini, na hakuna aliyemkanya. Hata mimi nilinyamaza. Koo lilikauka.

Nilidai hela yangu. Wakanipa kuponi ya punguzo la mkutano ujao. Sikuichukua.

Nilikuwa nimepania kuwaambia msiende kabisa, na mpaka aya iliyopita ndivyo nilivyokusudia kumaliza. Lakini sitamtendea haki yule mzee. Jioni alinitafuta mwenyewe ukumbini, akavuta kiti, akanichorea kwenye karatasi: vichujio hapa, jenereta hapa, tanki tatu za maji za galoni 25,000 kila moja pale. Alikaa nami karibu saa nzima, hakuna aliyemlipa. Nimeibeba karatasi ile mpaka nyumbani.

Basi nendeni, ila msipitie kwa waandaaji wa mkutano. Kateni tiketi ya ziara hotelini kwenyewe, na mkishaingia ombeni muanze na mitambo, vitanda vitawangoja. Mimi nitarudi, pengine mwakani, kwa hela yangu tena. Mchoro ninao, lakini vile vichujio sijavitia machoni, na yule dada hajaniomba radhi hadi leo.