Nimesoma usanifu wa ndani miaka minne: niliyoyakuta

Tangu nirudi Tabora, kila mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita ananisimamisha njiani: ile kozi yako ya kupamba nyumba inalipa? Kwanza si ya kupamba nyumba, ni ya kupanga sehemu ya ndani ya jengo imfae anayeitumia. Mimi mwenyewe nilihitaji muhula mzima kulielewa hilo. Mama yangu mpaka leo akiulizwa binti alisomea nini hujibu, "Mambo ya mapazia."

Nilisoma Dar es Salaam, shahada ya kwanza. Chuo sikitaji kwa kuwa yapo nitakayokilaumu. Nyota ninazoipa kozi yenyewe ni tatu na nusu kati ya tano.

Kilichonifurahisha ni mwaka wa kwanza, ambao wenzangu wengi waliuchukia. Kompyuta huigusi. Ni penseli, rula na tepu. Tulipima viti vya kantini, ngazi, milango, hata choo, kisha tukavichora kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita moja karatasini ni ishirini za kweli. Vipimo vinakuingia mwilini: kiti sentimita 45 kutoka chini, meza ya kulia 75, kaunta ya jiko 90, na mwenye kiti cha magurudumu anahitaji duara la sentimita 150 ili ageuke bila kugonga kitu. Sasa hivi nikienda kusalimia watu, macho yanapima kabla mdomo haujasema mwangaluka.

Somo la mwanga nalo lilinifungua macho. Taa ya Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 2700 au 3000 inatoa mwanga wa manjano wa kupumzikia. Ile ya 6500 ni nyeupe ya kufanyia kazi. Watu wetu wanafunga ya 6500 hadi chumbani, nyumba nzima inafanana na duka la dawa.

Upande wa gharama, jiandae. Bumu langu, ile hela ya mkopo wa chuo, liliishia kwa mchapishaji wa karatasi za A1, zile kubwa za michoro, na kwenye makadi na gundi za kutengenezea modeli. Laptopu ya mtumba niliyoenda nayo ilibeba AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwa shida, na nikifungua SketchUp, ile ya kuchorea modeli, yenye samani nyingi ilikuwa inazimika. Tena ujue studio, yaani somo la kubuni na kuchora, haina desa, yale maelezo ya kunakili na kukariri. Huwezi kukariri usiku mmoja ukapasua. Unabandika mchoro ukutani, unasimama mbele ya wahadhiri watatu, wanauliza mlango huu ukifunguka unagonga nini. Nililia mara mbili, ya tatu nikazoea.

Nyota moja na nusu niliyoinyima ni kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyetufundisha kupanga bei wala kuandika makubaliano na mteja. La pili, mifano karibu yote ilitoka kwenye nchi za baridi. Nilichora sebule yenye meko ya ukutani ya kuotea moto, mimi mtoto wa Isevya, hapa hapa Tabora! Kuta zangu zote zilikuwa nyeupe pe, wakati kwetu mabibi wanajua kwamba kwa vumbi hili jekundu ukuta wa chini unapigwa rangi ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, juu ndiyo rangi ya maji. Unafuta kwa kitambaa, imekwisha.

Kilichoniokoa ni fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Wenzangu waliomba ofisi za Dar, mimi nauli ya kurudi nyumbani ndiyo niliyokuwa nayo, nikaenda kwa mzee mmoja seremala hapa mjini. Wiki ya kwanza nilipiga msasa tu. Ya pili akanifundisha kuusoma mninga: kwa nini mbao mbichi ukiitengenezea mlango wa kabati itapinda ukiwa umeshalipwa, kwa nini mninga ukikauka vizuri unatulia kuliko mbao nyingi, na kwa nini zile zenye weupe wa pembeni hazitakiwi, maana ndiko wadudu wanakoanzia.

Siku moja akaja mama mmoja anataka jiko la kisasa. Mzee akasema, mwanachuo, chora. Nikachora kaunta ya sentimita 90 kama nilivyofundishwa, na jiko la gesi la plati mbili juu yake. Mzee akaitazama karatasi muda mrefu.

"Mwanangu, ukuta umeupima. Mpishi je?"

Tukamwita yule mama, ni mfupi kunizidi. Mzee akapanga mbao mpaka usawa wa kaunta yangu, akaweka jiko, juu yake sufuria kubwa, akampa mwiko: songa. Mikono ilifika karibu na mabega. Ugali wa watu nane hausongwi hivyo. Unahitaji kuuinamia na kuusukuma kwa uzito wa mwili. Tulishusha sehemu ya jiko mpaka sentimita 60, ya kukatia mboga ikabaki 85. Mchoro ule ndio niliorudi nao chuoni, na ndio ulionipa alama nzuri kuliko zote.

Ajira? Ofisi za kukuajiri ziko Dar, Dodoma, Arusha. Huku utajiajiri. Bodi ya AQRB, inayosajili wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, inasajili na wasanifu wa ndani. Usajili ni muhimu ukitaka kazi kubwa. Wateja wa kawaida hawakuulizi hayo, wanakuuliza mbona unatoza hela kwa karatasi. Wa kwanza niliyemchorea aliipiga picha michoro yangu, akampelekea fundi wa jipsamu, simu yangu hapokei tena. Siku hizi nusu inalipwa kabla sijafungua tepu.

Mdogo wangu unayetaka kuomba: soma vigezo vya kujiunga kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wako, usitegemee vya kwangu. Na likizo usikae nyumbani, katafute karakana. Michoro yote uitunze, hata iliyokosolewa.

Mimi kesho niko Ipuli kupima jiko jingine. Nimeshamwambia mwenye nyumba mkewe awepo, na sufuria yake kubwa.